Nimeshona, Tumeshona

Wekeni simu chini kidogo. Kisa chenyewe kimeanzia humo, na mkiendelea kuzichungulia mtanipandisha hasira kabla sijaifikia ile niliyokuja nayo.

Pale Tukuyu, nyuma ya soko, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na chake. Lugano alikuwa fundi viatu, na ngozi ilimtii. Ambakisye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Tusekile alikuwa na kibanda cha steshenari, akichapa barua na kutoa kopi, na alijua kupanga maneno hata barua ya kuomba ruhusa kazini ikamtoa bosi machozi.

Siku moja mwalimu alimpelekea fundi kiatu chake, kile cha soli nene kama tofali.

"Kaka Lugano," akasema, "nimechoka kutembea na tofali. Nitengenezee kiatu ambacho mtu akikiona aone kiatu, asione mguu wangu."

Basi sikilizeni alichofanya kila mmoja, na msiharakishe kuchagua.

Lugano alishona. Alikata, akashona, akafumua, akashona tena. Mwinuko aliuficha ndani ya kiatu, tabaka juu ya tabaka, za mpira mwepesi alioutafuta mwenyewe mpaka Mbeya mjini. Mvua za Tukuyu mnazijua. Zilinyesha mpaka zikachoka, yeye bado ameinama. Wateja wake wa viraka wakahamia kwa mafundi wengine.

Ambakisye alivaa. Msicheke, kuvaa nako kulikuwa kazi. Alivaa jozi kumi na saba, akasimama nazo darasani kutwa nzima, akarudi na malengelenge na kusema: hapa panauma, hapa panalegea, hiki kinanivuta kiuno. Na katika kuvaa na kuvua alimsimulia fundi mambo ambayo hata mkewe hakuyajua. Kwamba utotoni walimwita Kasoro Robo. Kwamba siku ya mahafali ya chuo cha ualimu jina lake liliitwa mara tatu na hakwenda mbele kuchukua cheti, kwa sababu ukumbi ulikuwa mrefu na angetembea peke yake huku watu wakimtazama. Jozi ya kumi na nane haikuuma.

Tusekile aliandika. Viatu vingine vya namna ile, alivyoshona Lugano ili auze, vilikuwa vimekaa rafuni miezi minane bila mtu kuuliza. Ndipo akafungua ukurasa kwenye ule mtandao wa kikazi, ule ambao watu hupiga picha wamevaa tai na kila mmoja ana furaha kuwatangazia jambo. Mtandao ule unataka jina la mtu, hautaki la kibanda, na kompyuta ilikuwa yake, basi akaweka jina lake. Picha akaweka ya mikono ya Lugano imeshika kiatu. Akaandika: "Sisi ni watu watatu wa Tukuyu. Tumeshona kiatu." Wakasoma watu kumi na wawili, mmoja wao shangazi yake. Akaandika tena na tena, mara nane, huku Lugano akimpa habari mpya alizosikia kwa mwalimu. Mara ya tisa akabadilisha silabi moja tu. Penye "tu" akaweka "ni".

"Nilizaliwa na mguu mfupi. Niliitwa Kasoro Robo. Nilikataa kwenda mbele kuchukua cheti changu. Nikashika sindano. Nimeshona jozi kumi na saba zilizouma. Ya kumi na nane haiumi."

Wiki haijaisha, watu elfu arobaini walikuwa wamesoma. Dodoma, Bukoba, Mombasa, watu walichora nyayo zao kwenye karatasi na kutuma. Lugano akashona hata akasahau kula.

Kisha ikaja barua. Chuo kimoja cha viatu, mbali na Tukuyu, kinatoa kiti kimoja: mwaka mzima wa masomo, mashine ya kurudi nayo nyumbani, na jina la mwenye kiti kupigwa muhuri kwenye soli ya kila kiatu, maisha yake yote. Fomu ina mstari mmoja: *Jina la mwenye hadithi.* Irudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Tusekile angeweza kujaza kimyakimya. Hakujaza. Aliichapa barua pamoja na maandishi yake, akayapeleka kibandani kwa fundi. Mwalimu alikuwepo. Akayasoma yote amesimama, akayarudia.

"Dada Tusekile," akasema, "mguu wangu umehamia kwako lini?"

"Mwalimu, nisamehe. Nilipoandika 'tumeshona' hakuna aliyesimama kusoma."

"Habari ya cheti nilimwambia fundi. Sikuwaambia watu elfu arobaini." Akamgeukia Lugano. "Na wewe kaka, ukaitoa."

Lugano akaweka sindano chini. "Niliitoa nikidhani itasemwa ni yako. Simu yangu ni ya kubonyeza, sikuwahi kuyaona. Lakini hata mimi naomba kuuliza, huyo anayesema 'nimeshona' ni nani? Hapo sijaandikwa. Nimebaki viganja."

"Na viatu vyako vingebaki rafuni," Tusekile akasema. "Miezi minane, fundi. Nani alivitoa?"

Wakapiga simu chuoni kuomba waandike majina matatu.

"Dada, kiti ni kimoja," ikajibu sauti. "Na sisi tulimpenda yule mtu."

"Yupi?"

"Yule wa kwenye hadithi."

Hapo ndipo ninapochukia mimi. Yule mtu hayupo! Mguu ni wa huyu, mkono wa yule, neno la mwingine. Walitengeneza kitu cha watu watatu, dunia ikakataa kukitazama mpaka wajifanye mtu mmoja, na sasa dunia hiyohiyo inauliza kwa heshima, ni yupi kati yenu? Ni dharau, na imeandikwa kwenye karatasi nzuri yenye nembo.

Leo ni Ijumaa. Fomu iko kwenye benchi la fundi, kalamu juu yake, na watatu hao hawatazamani. Asipokwenda Lugano, mkono uliokijua kiatu utafanya kazi chini ya jina la mwingine. Asipokwenda Ambakisye, ataitwa mbele mara ya pili maishani na safari hii atapita mtu mwingine na mguu wake. Asipokwenda Tusekile, aliyewafanya waonekane atarudi kutoa kopi.

Usiniambie waandikwe wote, fomu ina mstari mmoja. Usiniambie waichane pia, maana kiti kitakwenda kwa mtu asiyewahi kushika ngozi.

Saa sita inakaribia. Kalamu nakupa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Soli ya kiatu kile, ungeipiga muhuri kwa jina la nani? Na wale wawili utakaowaacha, ungewaambia nini machoni?