Matundu ya Kabati la Mwalimu Kiondo

“Si kila tundu ni ufa.” Mmenisikia nikimwambia mama yenu pale jikoni, mkacheka. Chekeni tu! Mimi babu yenu nilikuwapo methali hiyo ilipozaliwa, na nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Mtaani kwetu Tanga alikaa Mwalimu Kiondo, mstaafu. Kiharusi kilimshika upande mmoja, hata maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Furaha iliyombakia ilikuwa samaki saba ndani ya tangi la kioo. Alikuwa akiwatazama kutwa nzima, na kila mmoja alimpa jina la mwanafunzi wake mtundu.

Mkewe, Bi Mwantumu, akaniita nimtengenezee kabati la kuwekea tangi. Ndani yake inakaa ndoo ya kuchujia maji, iko wazi, na mvuke wake haukomi. Kwa hiyo nikatoboa matundu manne chini na manne juu, hewa ipite, mbao zikauke.

“Fundi Mhina, mende si wataingia?” akaniuliza. “Usipoziba ufa utajenga ukuta!”

“Shemeji, huo si ufa. Hapo ndipo kabati linapopumulia. Ukiogopa mende, bandika wavu.”

“Haya, nimesikia.”

Kusikia gani! Wiki ya pili nakuta matundu yamejazwa matambara. Nikayatoa. Mwezi uliofuata kayaziba kwa gundi na kupaka rangi juu, tena anajisifu. Nikamwambia jamani, mbao zitaoza! Ananijibu ufa, ananijibu ukuta. Nikasusa, nikaenda zangu. Hilo kosa langu, nalikiri.

Milango ikavimba, ikawa haifunguki mpaka uivute kwa mikono miwili. Kabati likanuka ukungu. Na Bi Mwantumu alipouona unyevu alifanya nini? Akazidi kuziba! Eti unyevu unaingia kutoka nje. Akalizungushia kabati zima nailoni.

Ijumaa moja mchana nikiwa karakanani, nyumba ya pili tu kutoka kwao, nikasikia kishindo na yowe. Nikakimbia. Ubao wa juu ulikuwa umeoza na kubonyea upande mmoja, kioo kimepasuka. Bi Mwantumu amepiga magoti majini, anaokota samaki kwa kanga. Mwalimu yuko kitini, hawezi kuinuka, anawaona wanavyorukaruka sakafuni. Tuliwahi kuwaokoa wawili tu, tukawatia kwenye sufuria ya maji.

“Niliziba kila mahali, mume wangu,” Bi Mwantumu alilia. “Kila mahali!”

Mwalimu akahangaika na ulimi. Miaka thelathini aliwafundisha watoto methali ya ufa na ukuta. Tukamsubiri.

“Si kila... tundu,” akasema, “ni ufa.”

Kisha akaunyosha mkono wake mzima, akamfuta mkewe machozi.

Nikatengeneza kabati jipya. Safari hii Bi Mwantumu alinisimamia akihakikisha matundu yote manane yapo, na tangu hapo kila asubuhi aliyafuta vumbi mwenyewe.

Sasa mama yenu naye anawasha jiko la mkaa ndani, huku matundu ya hewa kayaziba kwa magazeti, eti vumbi. Lo! Samaki walikuwa saba. Nyinyi mko watatu. Nendeni mkayatoe magazeti yale sasa hivi. Akiwauliza, msinitaje mimi, maana nitaanza kuambiwa habari za ukuta. Mwambieni Mwalimu Kiondo kasema: si kila tundu ni ufa.