Kwa Nini Sumaku Hukataa Uso wa Mwenzake

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze habari ya yale mawe meusi yaitwayo sumaku. Wakati milima ilikuwa ingali inajifunza tabia kwa watu, mawe hayo hayakuchaguana. Ukiweka moja huku na jingine kule, yalijongeleana yakagandana, ubavu kwa ubavu, uso kwa uso, bila kukataana.

Chini ya mlima wa mawe hayo waliishi ndugu wawili, Mchome na mdogo wake Kiangi, wana wa mjane mmoja aliyeitwa Nakijwa. Kazi yao ilikuwa kuchimba mawe ya chuma na kuwapelekea wahunzi. Walipendana sana. Walikula sahani moja, na mmoja akianza kucheka, mwingine alicheka naye kabla hajajua sababu. Mama yao aliingia nao shimoni, akatoa mawe kwa kikapu.

Asubuhi moja ya masika, udongo ukiwa umelowa, wale ndugu walikuwa wamesimama mdomoni mwa shimo na mama yao yuko ndani. Mara ukuta wa shimo ukaporomoka. Nakijwa akafukiwa hadi kifuani, mkono mmoja tu ukabaki huru. Akaunyoosha juu.

"Wanangu, nishikeni!"

Mchome aliuona mkono ule. Kiangi naye aliuona. Udongo ulikuwa bado unashuka. Mchome akakimbilia upande wa mashariki, akijiambia kwamba mdogo wake yuko karibu zaidi. Kiangi akakimbilia magharibi, akijiambia kwamba kaka yake ana nguvu zaidi. Wakazunguka mlima, wakakutana chini, penye kijito, wote wawili wakihema.

"Mama uko naye?" Mchome akauliza.

"Si uko naye wewe, kaka?"

Wakatazamana.

Majirani ndio waliopanda na majembe, wakamtoa Nakijwa akiwa hai, mguu umevunjika. Hakuwauliza wanawe kitu, na kule kutoulizwa ndiko kulikowachoma. Alipoweza kukaa, alisonga ugali mguu wake ukiwa umefungwa vijiti, akawaandalia sahani moja kama desturi. Mchome akanyoosha mkono amege tonge. Akauona mkono wa Kiangi unakuja, akaurudisha wake. Kiangi naye akaurudisha. Ugali ukapoa.

"Mimi nimeshawasamehe," mama akasema. "Kuleni."

"Tumesikia, mama," Mchome akajibu, kichwa ameinamisha.

Walikula, lakini kila mmoja kwa wakati wake. Maana kila mmoja akimtazama mwenzake usoni, alijiona yeye mwenyewe anakimbia. Basi wakaacha kutazamana. Kazini waliendelea kwenda pamoja, kwa kuwa mapenzi yao hayakufa, ila mmoja alitangulia na mwingine akafuata nyuma, karibu kabisa, uso kwa kisogo. Wa mbele akigeuka ghafla, wa nyuma aliacha njia akaingia majanini. Waliishi hivyo hata mvi zikawatoka, hata mama yao akazikwa, wao wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi, macho chini.

Mlima uliwatazama wakipanda na kushuka, ukaiga. Siku moja Mchome, sasa mzee, aliokota mawe mawili meusi ayabebe pamoja, yakasukumana mkononi mwake. Akajaribu tena, yakakataa. Akayatazama kwa muda, akaelewa. Akayaweka chini taratibu, akajifunika uso kwa viganja.

Na tangu siku hiyo kila sumaku ina pande mbili. Zikutanisheni pande zisizofanana, zitarukiana na kushikana kwa nguvu, mpaka mtoe jasho kuzitenganisha. Lakini zielekezeni pande zinazofanana, kazeni mikono mtakavyo: mtasikia moja inaponyoka, inateleza pembeni, kama mtu aliyeulizwa mbele za watu alikuwa wapi.