Ndizi za Mgeni

Wapendwa, nina habari ya jikoni leo, na akina mama mnaojua kuoka mtanisahihisha nikikosea.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye kwake hakikutupwa kitu. Ndizi ikipitiliza kuiva, ikawa nyeusi na kulegea mpaka nzi wakaanza kuitana, yeye ndiyo kwanza anafurahi. Anaimenya, anaiponda pamoja na nyingine kwenye bakuli, anatia unga wa ngano, mayai, iliki ya kutwanga, na sukari kidogo tu maana ndizi yenyewe imeshakuwa sukari. Anamimina kwenye sufuria, anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko na chini anaacha moto mdogo. Mnaijua ile harufu? Jirani aliyeshiba anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na salamu za kuleta. Majirani walimsifu mama yule, na alistahili. Nyumba yake ilikuwa na raha.

Lakini hebu tuulizane: nyumba imejaa watu, ndizi zinapitilizaje kila wakati?

Ni hivi. Kila mkungu ulipoiva, yule mama alichagua chane nzuri kuliko zote, ya ndizi kisukari, zile ndogo nene zenye ganda jembamba, akaitundika stoo. "Hizi ni za mgeni," anasema. "Asiguse mtu." Na mgeni mnamjua. Anasema nakuja Jumamosi, haji. Au anakuja ameshakula njiani. Ndizi zinamsubiri, zinaiva, zinapitiliza, mama anaoka mkate, na chane nyingine inatundikwa palepale.

Sasa, humo ndani aliishi pia mama mkwe wake, bibi mzee. Wakati wa mvua aliugua malaria, ikampiga kwelikweli. Homa ikaisha, lakini hamu ya kula haikurudi. Uji anausukuma, mchuzi anaugeuzia uso. Watu wa nyumba wakaingiwa na hofu, maana mzee asiyekula mnajua anaelekea wapi. Asubuhi moja bibi akaamka akasema, "Mkwe wangu, leo nasikia hamu ya ndizi kisukari. Moja tu."

Mama akafurahi mpaka akapiga makofi. Halafu akakumbuka. "Jamani mama, zilizoiva ni zile za mgeni. Dada yangu kasema anakuja wiki hii. Vumilia kidogo. Asipokuja nitakuokea mkate laini, hautahitaji hata meno."

Msimhukumu. Alisema kwa upendo kabisa.

Dada hakuja. Mkate ukaokwa, umeumuka vizuri, akapelekewa bibi ukiwa wa moto. Bibi akamega kidogo, akatafuna polepole, akarudisha sahani. "Mtamu, mwanangu. Ila ile hamu imeshapita." Akarudi kulala, na mama akabaki amesimama na sahani yake.

Siku zikaenda, na stoo ikapata chane nyingine. Siku hiyo bibi akajitanda khanga yake ya kutokea, akachukua kifurushi na fimbo, akatoka nje hadi barabarani, polepole, akishikilia ukuta. Akageuka. Akarudi mpaka mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Mama! Unafanya nini huko nje na jua hili?"

"Hodi, nimesema. Kwenu mgeni hakaribishwi?"

Mama akaangua kicheko. "Karibu, mama. Karibu sana. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kumtembelea mwanangu na mkewe. Nimesikia nyumba hii ina ndizi za mgeni."

Kicheko kikakatika. Mama akakimbilia stoo, akashusha chane nzima, akapiga magoti akaanza kumenya. Bibi akala ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu akaila akimtazama mkwewe analia.

"Usilie," akamwambia. "Mkate wako mzuri, uendelee kuoka. Lakini huyo unayemsubiri hata safari hajafunga. Mgeni wako ni mimi, mwanangu. Ndimi ninayekaribia kuondoka."

Mnasikia? Mama yule hakutupa ndizi hata moja. Alichokuwa anakitupa ni hamu ya mtu wake, na hamu haiokwi ikawa mkate.

Na sisi je? Sisi nasi tuna stoo. Vikombe vizuri vya wageni, sawa, hivyo ni vikombe tu. Lakini sauti ya upole tumemtundikia nani? Baba anapigiwa simu na mtu baki: "Ndiyo mkuu, haina shida kabisa mkuu." Akikata simu, mke anamuuliza kitu kidogo tu, anajibiwa kwa mguno. Mama anacheka na muuza mboga mpaka mbavu zinauma, akiingia ndani uso umekunjwa. Halafu mtu wetu akishaondoka, hapo ndipo tunaoka! Tunashona sare, tunasoma historia ndefu ya marehemu, alikuwa mpole, alikuwa nguzo yetu. Mkate mtamu kweli. Nani anaula?

Sisemi msioke. Kuokoa kilichopitiliza ni kazi njema, na Mungu mwenyewe anaifanya kila siku, la sivyo mimi na wewe tungekuwa jalalani. Ninachosema ni kwamba iliyo mbivu leo ipewe mlaji leo.

Kwa hiyo tukimaliza ibada nitasimama pale mlangoni kama kawaida, nanyi mtapanga mstari kunipa mkono na kucheka nami. Leo nawaomba mnipite. Yule uliyemwacha nyumbani bila hata kumuuliza ameamkaje, nenda kampe yeye huo mkono.