Kisima cha Treni ya Hija

Hata uji sijamaliza, mnanidai kisa! Haya, sikilizeni, wala sirudii.

Bwana Mkwizu alikuwa na treni ya matajiri, mabehewa yana mazulia. Wageni walipochoka kutazama twiga, wakataka mahali patakatifu pa kuhiji. Basi akakizungushia uzio kisima chetu, kisima pekee, akatia kufuli, akatangaza kwamba kina mzimu. Sisi tukabaki na ndoo kavu.

Kalunde, mjane mwenye ulimi wa asali, akamwendea.

"Mwanangu, mzimu usio na mwiko nani atauamini? Wageni watakucheka."

"Nipe mwiko basi, bibi. Lakini maji sikupi."

"Nani kaomba maji? Mwiko ni huu: mwenye kisima humtekea kila anayekuja kuhiji, kwa mkono wake mwenyewe. Akimkataa mtu, kisima si kitakatifu tena."

Mkwizu akacheka. Wageni wake hawakujaza hata behewa moja! Siku ya safari akautangaza mwiko kwa kipaza sauti, akawatekea, wakampigia makofi.

Ndipo Kalunde akatokea na wanawake wa kijiji kizima, ndoo kichwani, wakiimba.

"Tumekuja kuhiji, mwenye kisima!"

"Bibi, hawa si mahujaji," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, baba, wageni wakusikie."

Wageni walikuwa wameshainua kamera. Mkwizu akavua koti, akateka mpaka jua likazama, treni ikimngoja. Kwa kuvuta kamba ya ndoo alikwisha kulipa ngozi ya viganja vyote viwili. Kalunde alipomwambia kuwa kesho alfajiri tunahiji tena, akamlipa na ufunguo wa kufuli.