Kiti Kimoja na Vumbi la Pamba

Hapo zamani, maana ndivyo hadithi huanza, ingawa mwisho wa mambo haya ni wa msimu huu huu wa pamba, palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na jirani yake chuo cha udaktari wa magonjwa ya kazini. Chuo kilikuwa na madaktari watatu na kiti kimoja cha uprofesa. Atakayekipata ndiye atakayebaki kututibu sisi wa kiwandani; wawili mikataba yao inaisha. Na sheria ya chuo ilikuwa moja tu: ihesabiwe maandishi ya kila mmoja yametajwa mara ngapi na wasomi wenzake.

Wakahesabu.

Daktari Nkwabi, mara mia nne na kumi. Aliwapima wafanyakazi pumzi siku za Ijumaa, kwa kuwa gari la chuo lilipatikana Ijumaa, akaandika kwamba vifua vyao ni vizima. Lakini vumbi la pamba hubana kifua Jumatatu, mtu akitoka mapumzikoni. Kufikia Ijumaa kimeshazoea, kinadanganya. Basi wasomi wakamtaja na kumtaja, wakisema amekosea. Mwenye kiwanda naye akashika andiko hilo hilo, akakataa kufunga feni za kuvuta vumbi.

Daktari Sayi, mara thelathini na moja. Alipima Jumatatu, akauona ukweli, akaunyamazia miezi kumi na minne, kwani jarida halikutaka habari iliyokwisha kutangazwa, na bila jarida hana hesabu. Miezi hiyo yote shemeji yangu Mhoja alikuwa akilisha mashine pamba. Sasa hata ndoo ya maji haiinui.

Daktari Lushinge, sifuri. Hakuandika hata ukurasa. Kila Jumatatu alikuja kwa baiskeli, akambembeleza msimamizi mpaka sakafu ikawa inamwagiwa maji kabla ya kufagiwa, na walisha mashine wakawa wanapokezana kila saa. Vifua vikapata nafuu. Lakini mkaguzi wa serikali alipotaka ushahidi hakuna karatasi, na watu wa kiwanda cha pili, ambako yeye hakufika, wakaendelea kukohoa bila kujua.

Mwenyekiti wa baraza, Mama Nyanzala, akawaita wote watatu, nasi tukaruhusiwa kuingia.

Sayi akaanza na Nkwabi. "Kaka, hata mwizi hutajwa kijiji kizima."

"Sawa. Lakini nisingekosea mimi, nani angeitazama Jumatatu? Na wewe dada, uliyejua ukanyamaza?"

Sayi akainama. Akasema angetangaza mapema angepoteza kazi, na andiko lake ndilo lililo mezani kwa watunga sheria sasa. Feni zikija, zitakuja kwa hilo.

Lushinge alisema machache. "Jumatatu ni moja kwa wiki. Niandike, au nimshike mtu anayekosa pumzi?"

"Na wa kiwanda cha pili?" Mama Nyanzala akamuuliza.

Mama Nyanzala akaweka kalamu chini. Akasema hesabu imemshinda, wenye vifua waseme, na jibu alipate kabla ya Jumatatu. Mume wangu akasimama aseme, kikohozi kikamkata, akakaa. Watu wakanigeukia mimi. Nami nina mtoto mgongoni, nimechoka, sijalala kwa kuwaza, naogopa nikimtaja huyu nimewakosesha wengine yule, na Jumatatu yenyewe baba wa mtoto anaingia zamu.

Haya, ninyi mliosikia yote. Kiti hicho kimoja, mngempa nani?