Hujamaliza Kumsalimia Mzee

Wapendwa, haya ninayowaambia sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya mawili, nikiwa nimelala chali. Nililazwa hospitali moja ya huko milimani kwa ngiri, na daktari mwenyewe alikiri kwamba ngiri ya ukubwa ule hajaiona tangu azaliwe. Shule niliiachia darasa la sita, lakini macho yangu yaliendelea mpaka chuo kikuu. Sikilizeni.

Kulikuwa na daktari mmoja mpasuaji. Kazi yake ilikuwa kutoa saratani ya utumbo mpana: anakata kipande kibovu, anashona mzima kwa mzima, mtu anarudi kwake kuishi. Na fundi alikuwa fundi kweli. Ila jambo moja lilimnyima usingizi. Mgonjwa anatoka mezani vizuri, siku ya nne anaongea, siku ya saba anafunikwa shuka. Pale palipounganishwa panavuja ndani kwa ndani, na yeye anakuja kujua mambo yamekwisha kuharibika.

Akafanyaje? Akasema kosa ni la mshono. Akaagiza uzi mwingine. Akabadilisha taa. Akawa ananunua utumbo wa mbuzi buchani, anaushona na kuufumua, anaushona na kuufumua, mpaka mkewe akamwuliza hiyo supu itanywewa lini. Mshono ukawa mzuri kushinda wa kiwandani. Watu wakaendelea kufa.

Kwenye kitanda jirani na changu alikuwapo mzee mmoja mchonga mizinga ya nyuki. Alikuwa ametolewa saratani siku nne nyuma. Mtu wa adabu zake, hata uji akiletewa wa baridi anashukuru. Asubuhi daktari akapita, wauguzi nyuma yake, mafaili mkononi.

"Shikamoo, mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba, daktari. Nimeamka salama."

Daktari akaandika: salama. Mguu wake ulikuwa umeshageukia kitanda changu.

Sasa niwaulize, ninyi watu wa huku kwetu. Mtu akikuuliza umeamkaje, unaanza na ugonjwa? Hata kama kuna msiba ndani, jibu la kwanza si ni salama? Habari za nyumbani? Njema. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Wapo. Halafu mnanyamaza kidogo, mnatazama chini, ndipo mtu anasema, "Ila..." Na kila kilichomtoa kwake kiko nyuma ya hiyo ila. Nasema uongo?

Basi palikuwa na mama mmoja anapiga deki wodini. Akasimamisha dekio lake, akasema, "Daktari, hujamaliza kumsalimia mzee."

"Nimemwamkia, mama. Si umemsikia akiitikia?"

"Nimemsikia. Umepiga hodi, amekuambia karibu, wewe umeondoka."

Muuguzi mmoja akacheka. "Mama, leo na wewe umekuwa bingwa wa upasuaji?"

"Upasuaji siujui, mwanangu. Kusalimiana ndiko ninakokujua."

Daktari akarudi. Akavuta kiti, akaketi.

"Habari za nyumbani, mzee?"

"Njema."

"Mizinga je?"

"Ina asali, namshukuru Mungu."

"Na mama?"

"Hajambo."

Daktari akanyamaza. Mzee akatazama dari, akatazama mikono yake.

"Ila," akasema, "bega hili la kushoto linaniuma tangu jana, na sielewi, maana nilipasuliwa tumbo. Halafu baridi inanitetemesha. Nikaona nisikucheleweshe, wenzangu wanakungoja."

Bega, wapendwa. Kumbe kitu kikivuja tumboni, maumivu yaweza kupanda mpaka begani. Saa ileile akapimwa, akarudishwa mezani, na pale kwenye maungio pakakutwa tundu dogo kama la sindano. Alitoka hospitali na mfuko wa choo ubavuni, lakini alitoka akitembea. Toka hapo, kila kitanda cha wodi ile kina kiti chake, na daktari haandiki neno mpaka aisikie hiyo ila, au aambiwe wazi kwamba haipo. Wengi wakaanza kurudi makwao. Na uzi ni uleule.

Sasa sisi. Pale mlangoni leo tumesalimiana na wangapi? Bwana asifiwe, amina, mkono uko kwa huyu, macho yanamtafuta yule. Mama aliyeketi benchi la nyuma alipokuitikia amina, ulisubiri? Wewe baba, mkeo alipokuambia "sina neno," ulivuta kiti, au uliuliza chakula kiko wapi? Tunanunua vipaza sauti, tunashonea kwaya sare, mshono wetu kwa nje ni mzuri wa kutazamwa, na ndani watu wanavuja.

Tena hata Mungu tunamfanyia hivyohivyo. Tunapiga magoti, tunamwambia salama, tunasema amina, tunainuka mbio. Nani alikuambia ana haraka? Yeye ameketi. Mguu wake haujageukia kitanda kingine. Anaingoja ila yako.

Na kwa kuwa hapa niliposimama si mahali pa uongo, niwaambie. Katika haya yote jambo moja nimelitunga mwenyewe. Nimebadilisha siku. Yule mama hakuyasema yale siku ya nne. Aliyasema siku ya saba, akitandua shuka za mzee wa mizinga, na daktari amesimama pale na faili lililoandikwa salama. Aliyevutiwa kiti, akasema ila, akapona, ni mgonjwa aliyefuata kwenye kitanda kile.

Maneno ya mama yule sikuyagusa. Ni siku tu ndiyo niliyotamani iwe nyingine.