Mkwe wa Sauti Nyembamba

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mjane aliyehamia kwa mwanawe wa pekee. Mkwe wake alikuwa binti mwenye adabu, mpaka mimi mchungaji wenu namwonea wivu yule mama. Kabla ya harusi shangazi zake walimfunda kwamba mbele ya mama mkwe sauti iwe laini, nyembamba. Naye alishika. "Shikamoo mama. Chakula tayari mama." Kasauti kembamba kama uzi.

Mama hajibu. Binti anarudia, anapaza, lakini nyembamba vilevile. Mama anaona midomo inacheza na uso umekazwa, anajiambia, huyu ananinung'unikia. Halafu kila asubuhi anamsikia binti huyohuyo uani akitaniana na muuza mkaa, kwa sauti yake nene ya kuzaliwa, neno kwa neno. Mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Mwezi wa tatu mama akafunga mizigo.

Siku hiyo fundi alikuwa barazani akitengeneza redio ya nyumba. Mama akatoka na begi, akaketi kumngoja mwanawe ampeleke stendi.

"Fundi, mbona redio yako inavuma hivyo?"

"Ni umeme huo, mama. Unatikisika mara hamsini kwa sekunde moja, ndiyo maana mvumo wake ni mzito. Na hawa vifaranga hawakusumbui?"

"Vifaranga gani?"

Walikuwa miguuni pake, kumi na mmoja, wanalia kwa nguvu zao zote. Mama akainama kuwatazama, akaona midomo yao imefunguka, lakini sauti haisikii.

Fundi alikuwa amemsikia binti asubuhi akimwamkia mama kwa kasauti kale, akamwita. "Dada, masikio ya mama hayajafa. Kinachotikisika polepole anakisikia vizuri. Kinachotikisika mara maelfu kwa sekunde kinampita, na sauti yako umeibana mpaka imepanda kuelekea huko kwa vifaranga. Idadi hiyo ya mitikisiko sisi mafundi tunaiita frikwensi. Kupiga kelele hakutasaidia. Sema kwa sauti nzito."

Binti akaona haya. Amsemeshe mama mkwe kwa sauti anayomtania nayo muuza mkaa? Shangazi zake wangesemaje? Lakini begi analiona pale. Akapiga magoti, akaiachia sauti yake.

"Mama, usiondoke. Tumekukosea nini?"

Mama akamshika mashavu. "Kumbe unaweza kusema nami. Miezi mitatu yote hii ulikuwa unaninung'unikia nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nakusalimia, mama."

Sasa tuje kwetu sisi. Nawapenda, ndiyo maana nawachokoza. Baba, umemjengea mkeo nyumba nzuri, umeezeka, umepaka rangi, naye miaka yote anangoja umuulize ameshindaje. Unashangaa hafurahi, unaongeza chumba kingine. Mama, unamwombea kijana wako usiku na mchana, lakini akiingia mlangoni anachosikia kwako ni lawama tu. Tunapenda kwa namna tuliyofundwa, na tusiposikika tunaongeza kelele ileile. Je, Mungu alitufanyia hivyo? Alipoona hatusikii hakuzidisha radi. Alikuja akaketi mezani kwetu, akala samaki, akasema kama tunavyosema.

Leo ukifika nyumbani, usianze kueleza unavyompenda. Muulize kwanza anasikia nini kutoka kwako. Muulize angali yupo. Maana wapo waliokwenda kaburini wakiamini hawakupendwa, na nyumba nzima ilikuwa inawapenda.